Mbayuwayu wa Mwaka Jana

Mara ya kwanza naja Dar, basi lilikwama Rufiji mpaka chakula tulichobeba kikaisha. Enzi hizo hakuna daraja. Kulikuwa na pantoni, na mto ukijaa pantoni lenyewe linafungwa kamba, linakaa pale kama mbuzi. Mimi nilikuwa kijana, ndevu hazijakaa sawa, na mkononi nina jogoo wa kumpelekea mjomba wangu Ilala, maana kwetu kusini huendi kwa mjomba mikono mitupu. Mwanzoni abiria walimsifu yule jogoo. Baadaye wakaacha kumsifu, wakawa wanamwangalia tu. Mama mmoja mtu mzima aliyekaa nyuma yangu akaniinamia sikioni, akaniambia taratibu kama anayetoa pole, "Mwanangu, huyo jogoo hafiki."

Tukamla. Tulimpika kwenye sufuria la konda, nami nikapewa paja kwa heshima, kama mfiwa.

Sasa nikawaza, mjomba ataamini vipi kwamba jogoo alikuwepo? Nikayakusanya manyoya yote, nikayatia mfukoni, nikafika nayo Ilala yamelowa. Mjomba aliyatazama manyoya, akanitazama mimi, akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akayaanika juani, na yalipokauka akayatia kwenye mto aliokuwa anaushona. "Haya," akasema, "jogoo amefika." Mjomba alikuwa fundi magodoro.

Ndivyo nilivyoingia kwenye kazi hii. Shule niliacha darasa la tatu, kwa sababu ambazo nikianza kuzieleza hapa tutalala njaa wote. Kuandika huku nilijifunza ukubwani, ndiyo maana mwandiko wangu unapanda na kushuka. Mjomba alinifundisha sufi. Unaikausha, unatoa kokwa, unaipiga fimbo mpaka inafura, halafu unaijaza kwenye kitambaa kigumu na kushona kwa sindano ndefu kama mshikaki. Siku hizi watu wanalalia sponji. Mimi nimebakiwa na mito, kwa wateja wachache ambao shingo zao zimekataa mambo mapya.

Kibaraza changu kipo Kariakoo, chini ya nyumba ya ghorofa moja, ya zamani, ya Wahindi, ile aina yenye roshani ya mbao inayotokeza juu ya njia. Chini ya roshani hiyo kuna ndege wanaitwa teleka. Weusi, mabawa kama mundu, kiunoni wana weupe kidogo. Hao hawaondoki, ni wakazi kama sisi. Nikipiga sufi, vinyuzi vinapanda na joto la barabarani, basi teleka wanashuka mmoja mmoja wanavidaka hewani wanaenda kujengea. Hawatui chini hata siku moja. Kiota chao ukikitazama utadhani ni mto umepasuka. Wateja wangu walikuwa wanalalamika mto mwepesi, nawaambia kamlaumuni teleka.

Juu aliishi mzee mmoja Mhindu. Kazaliwa nyumba ile ile, na Kiswahili chake cha Kariakoo kilikuwa safi kuliko changu, kwa sababu mimi mpaka leo kuna herufi zinanipiga chenga. Duka la vitambaa alikuwa ameshalifunga, mke wake ametangulia, watoto wako ng'ambo. Kila asubuhi baada ya kuoga alikuwa anatoka roshani kuwamwagia ndege nafaka. Kwao ni ibada. Njiwa wanakuja, na kunguru wanakuja zaidi. Nilimwambia kunguru wa mji huu hawahitaji sadaka, hao ndio wanaotukusanyia kodi.

Tulianza kwa ugomvi. Siku moja alimwaga maji ya kuoshea bakuli la nafaka, yakaangukia sufi yangu niliyokuwa nimeipiga tangu alfajiri. Sufi ikilowa inakuwa uji. Nilisema maneno ambayo siyaandiki hapa. Muuza kahawa wetu, anayepitaga na birika lake na vikombe, akaweka birika chini ili asikie vizuri. Mzee akashuka ngazi, akasimama mbele yangu, akaniuliza, "Nyinyi watu wa kusini si mna watani? Basi nifanye mtani wako, hasira ziishe."

Utani haugawiwi hivyo, unazaliwa nao, kabila na kabila. Lakini ukishaombwa utani, ukikataa wewe ndiye mchawi. Nikakubali.

Kwa asiyejua, nieleze. Mtani anaweza kukusema vibaya mbele ya wakwe zako na ukalazimika kucheka. Akikuta viatu vyako mlangoni akavipenda, anavaa anaondoka. Msibani, ndugu wakiwa wanalia, mtani ndiye anayesimama kusema kwamba marehemu alikuwa mchoyo na alikuwa anakoroma. Lile ambalo ndugu hawezi kulisema, mtani lazima aliseme, na alisemee kwenye mzaha. Asiposema huyo si mtani, ni mnafiki tu aliyekula ubwabwa wa watu. Na anayeambiwa hana ruhusa ya kununa.

Basi tukawa watani kweli. Mimi namwita mla majani, yeye ananiita mwizi wa manyoya, maana hadithi ya jogoo nilishamwambia.

Mchezo wetu mkubwa ulikuwa mbayuwayu. Hawa siyo teleka, nisikuchanganye. Mbayuwayu anatua, anapenda waya, na mkia wake umegawanyika kama mkasi. Wanakuja mvua za vuli, wamechakaa, mikia mifupi, kama watu walioshuka kwenye mabehewa ya mizigo. Kiangazi chote wanatawanyika, huku Mnazi Mmoja juu ya nyasi, kule Jangwani kwenye maji, unawaona wachache wachache. Wanabadilisha manyoya polepole. Joto la Februari linapoelekea kuisha, mkia unarefuka, koo linakuwa jekundu kama tofali lililoiva, mgongo unang'aa buluu. Ukiona hivyo ujue wamenunua nguo za safari. Halafu siku moja, kabla masika haijashika, wanakusanyika mtaani kwetu. Wanapanga mstari kwenye waya wa umeme mbele ya roshani, wanapiga kelele zao ndogo ndogo, kama kinamama wanaosubiri basi la harusi. Baada ya siku chache hawapo. Wanasema wanaenda Ulaya. Mimi sijaenda kuhakikisha.

Wakati huo huo juu kabisa wanapita keremkerem. Hao utawasikia kabla hujawaona, sauti kama filimbi iliyoingia maji, na ukibahatika na jua likiwa upande mzuri unaona rangi. Hawatui kwetu. Ni wapita njia.

Mchezo ulikuwa hivi. Anayewaona mbayuwayu kwanza siku wanapokusanyika kwenye waya anaita, na mwenzake ananunua kahawa na kashata. Yeye yuko juu, waya uko usawa wa pua yake, kwa hiyo miaka mingi nilinunua mimi. Muuza kahawa akawa anaisubiri siku hiyo kuliko sisi.

Halafu macho ya mtani yakaanza kwenda. Mimi nilijua kwa chumvi. Asubuhi moja nasikia vitu vinanidondokea kichwani vigumu, naokota, ni chumvi ya mawe. Njiwa wamesimama ukingoni wanaitazama, hawajui waanzie wapi. Nikapiga kelele, "Mtani, unawakaanga au unawalisha?" Akacheka, akasema leo ni sikukuu yao. Lakini hakusema kwamba amekosea, na mtani huyo alikuwa mtu wa kusema. Wiki chache mbele akakosa ngazi. Zile ngazi ni za mbao, zimesimama kama za mnazi, nami nilimdaka akiwa ameshafika katikati kwa njia ambayo miguu haikushiriki.

Mwanawe wa kiume akaja kutoka ng'ambo. Mtoto mzuri, sisemi uongo. Kila asubuhi akitoka ananiinamia, "Shikamoo, mzee," namwitikia marahaba, ananiuliza habari za mito. Alimpeleka baba yake kwa daktari wa macho, akarudi uso umefungwa. Haikuwa mtoto wa jicho ambaye angetolewa. Ni mshipa wa ndani, akaniambia, na ukishaenda haurudi. Akataka kuondoka na baba yake. Mzee hakutaka. Alisema nyumba hii anaijua kwa vidole, na kule kwenye baridi atajua nini? Alisema pia kwamba anaona vizuri, kuna ukungu kidogo tu pembeni.

Walibishana siku nyingi, nami chini nasikia, kwa sababu mbao haifichi kitu. Halafu jioni moja wako roshani wote wawili, mzee akasema kwa sauti ya kuwafikia hadi wauza nyanya, "Tufanye hivi. Mbayuwayu wako karibu. Wakikaa kwenye waya, nikiita mimi kwanza, unarudi peke yako. Akiita huyu mwizi wa manyoya, nafunga mzigo, na sitasema neno."

Mtoto akakubali. Nadhani alikuwa amechoka. Mimi hakuna aliyeniuliza. Mbuzi wa karamu naye haulizwi.

Sasa hapa kuna jambo ambalo lazima ulijue, na ndilo lililoninyima usingizi. Waya haukuwepo tena.

Kiwanja cha jirani wanajenga ghorofa refu. Tangu mwanzo wa mwaka mafundi wa umeme walikuja wakang'oa nguzo ya mbao mbele ya roshani, wakahamishia nyaya upande wa pili, nyuma ya maduka, kwenye nguzo za zege. Walifanya kazi mchana kutwa na kelele. Mzee siku hiyo alikuwa kwa daktari wa presha, mwanawe bado hajaja. Na hakuna aliyemwambia baadaye, maana nani angemwambia mtu kwamba nguzo iliyokuwa mbele ya pua yake haipo? Nilisubiri aseme mwenyewe. Nilisubiri atukane mafundi, maana alikuwa hodari wa kutukana mafundi. Wiki zikapita, anasimama pale kila asubuhi anazungumzia waya. Hata mwanawe hakujua. Aliondoka zamani, na aliporudi nguzo ilishaondolewa.

Nikawa na mzigo. Mbayuwayu wakaanza kuja, na wasipoona waya wakakaa kwenye nondo za lile jengo, zile ncha zilizobaki zimesimama juu ya zege zikisubiri ghorofa inayofuata. Kila ncha ndege mmoja. Jioni ya kwanza walikuwa wachache, nikainamisha kichwa kwenye sufi. Jioni iliyofuata waliongezeka, nikainama zaidi. Muuza kahawa akanigonga bega, akaniuliza kama nimedondosha sindano, maana mwaka huu siangalii juu kabisa. Nikamwambia shingo inauma. Akasema, fundi mito shingo inamuuma, basi biashara imekwisha.

Nilikuwa naomba aite yeye. Aite tu, vyovyote, niseme umeniwahi, ninunue kahawa, mambo yaishe. Halafu nikikumbuka zile ngazi, na chumvi, na jiko la gesi analowasha mwenyewe kwa kiberiti, naomba asiite.

Asubuhi yenyewe ilinyesha alfajiri, mvua ya kwanza ya kueleweka, ikakatika jua likitoka. Mtaa unanuka vumbi lililolowa. Juu kabisa nikasikia keremkerem, wanapita kuelekea kaskazini, sikuwaona. Na pale kwenye nondo palikuwa pamejaa. Hakukuwa na ncha tupu. Wengine wanagombea nafasi, wanaruka, wanarudi, mikia mirefu, na kelele kuliko mwaka wowote ninaoukumbuka.

Mtani akatoka roshani na bakuli lake la nafaka. Mwanawe akatoka nyuma yake, ameshika kikombe cha chai. Mzee akasimama, akatega uso. Kisha akaweka bakuli ukingoni akapiga makofi.

"Mtani! Leo nimekuwahi. Wamekuja!"

Muuza kahawa akaacha kumimina. Mwanawe akatazama huku na huku, akawaona kule kwenye nondo, na nikaona uso wake unafunguka. Nadhani naye alifurahi. Akamuuliza baba yake, kwa upole tu, kama mtu anayetaka kufurahia pamoja, wako wapi hasa.

"Hapa mbele," mzee akasema, akanyoosha mkono wote. "Wamejaa kwenye waya, toka nguzo hii mpaka ile ya kona. Mstari mmoja. Huoni?"

Mkono ulikuwa unaonyesha hewa. Mtoto akaufuata kwa macho mpaka mwisho wake. Akaweka kikombe chini. Hakumwambia kitu baba yake, na mimi simlaumu, mimi nisingeweza kumwambia wangu. Akanitazama mimi chini. Mzee naye ukimya ule aliusikia. Macho yalikuwa yamekwenda, masikio yalikuwa yamebaki yote.

"Mtani," akaniita, na safari hii hakupaza sauti. "Hebu sema wewe. Nimekuwahi au sikukuwahi?"

Sasa niambie wewe unayesoma ungefanya nini. Kumwambia ameniwahi, nimpe nyumba yake na ngazi zake, na siku ya siku nimdake tena au nisimdake. Ningekuwa ndugu yake ningesema hivyo. Ningekuwa jirani tu ningesema hivyo. Lakini alishuka mwenyewe akaniomba utani, miaka mingi iliyopita, mbele ya mashahidi, na kazi ya mtani naijua. Nikatafuta mzaha. Ulikuja mmoja tu.

"Mtani," nikasema, "waya waliuhamisha tangu mwanzo wa mwaka. Nguzo waliondoka nayo. Hao uliowaona ni mbayuwayu wa mwaka jana."

Muuza kahawa alitazama vikombe vyake. Mzee alibaki na mkono umenyooka, halafu akaushusha polepole, akapapasa ukingo wa roshani kama vile naye unaweza kuwa umehamishwa.

Kisha akacheka. Sikusema alifurahi, nimesema alicheka. Kanuni ni kanuni. Alicheka mpaka akakohoa, akasema, "Mwizi wa manyoya ameniua mchana kweupe," na mwanawe akaingia ndani haraka, nadhani alikuwa hataki kuonekana uso.

Mzee akashuka. Alikataa kushikwa. Alikuja na ukuta, ngazi moja moja, mpaka kwenye benchi langu, akakaa juu ya mto ambao ulikuwa bado haujashonwa mdomo. Akaagiza kahawa, yangu na yake, akamwambia muuzaji mwenye kushindwa ndiye analipa. Nikataka kulipa mimi, akanikatalia kwa neno baya la utani.

Akaniuliza wako wapi. Nikamwambia wako kwenye nondo za lile jengo, kila ncha mmoja, kama vile vijiti vimechipua ndege. Akauliza mikia. Nikamwambia mirefu, imekamilika. Akauliza koo, nikasema tofali. Akauliza kama kuna mmoja mwenye kasoro, maana kila mwaka yeye alikuwa anamtafuta mwenye kasoro. Nikaangalia vizuri, nikamwona mmoja ana upande mmoja wa mkia tu, nikamwambia. "Huyo naye anaenda?" akauliza. Nikasema amekaa na wenzake, nadhani anaenda.

Akanywa kahawa mpaka kwenye machicha. Hakula kashata, aliifunga kwenye leso akatia mfukoni. Mwanawe aliposhuka akamwambia akachukue begi, lile dogo, mengine watu wataleta. Mtoto akamwambia hakuna haraka, baba, siyo lazima leo, tunaweza kupumzika kwanza.

"Ngazi hizo nikizipanda tena leo," mzee akasema, "sitashuka."

Mtoto akapanda akarudi na begi. Gari walikuwa wameliacha Mnazi Mmoja, maana mtaani kwetu kuanzia asubuhi gari halipiti, ni mikokoteni na wabeba mizigo tu. Mzee akasimama, akapapasa mto aliokuwa ameukalia, akaniambia sufi umeibana mno upande wa kulia. Ilikuwa kweli. Hakunipa mkono, nami sikuutoa. Akamshika mwanawe juu ya kiwiko, wakaenda, katikati ya watu wa vitenge na watu wa ndoo, yeye ameinua uso kidogo kuelekea zile kelele za kwenye nondo mpaka zilipobaki nyuma yake. Kwenye kona alisimama kupisha mkokoteni ambao sijui aliusikiaje. Ukapita. Wakakata kona, na hakurudi.